Siku Barabara Ilipofika Kwenye Uzio

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo na mzigo wa pegi, nikaambiwa nifunge mdomo. Ilikuwa Muhoroni, katikati ya miwa. Bosi wetu alikuwa Fundi Mkuu, Singasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe na kilemba ambacho sikuwahi kukiona na vumbi, ingawa sisi wengine ilipofika saa nne tulionekana kama tumefukuliwa. Pegi ni vijiti vya mbao vinavyopigwa ardhini kuonyesha barabara itapita wapi. Nilipiga ya kwanza ikaenda upande. Fundi Mkuu akaing'oa mwenyewe, akanirudishia mkononi. "Kijana, pegi pinda, barabara pinda, trekta anguka," alisema. "Piga tena."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, nyinyi mnaodhani barabara huletwa na lori ikiwa imekunjwa. Kwanza unafyeka. Kisha linakuja greda, lile gari refu lenye wembe tumboni, linakwangua udongo wa juu usio na nguvu. Halafu unamwaga marramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, unaunyunyizia maji, na rola inaushindilia mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama. Lami huja mwisho kabisa, na ndiyo watu wanayoisifu. Fundi Mkuu alikuwa na mahubiri ya neno moja tu, maji. Alituambia maji ndiyo adui wa barabara, gari ni mgeni anayepita. Barabara yetu ya miwa ilikuwa nyembamba hivi kwamba trekta mbili zikikutana na matela yao, lazima moja irudi nyuma, na madereva walitukanana kwa lugha tatu. Lakini haikumnyang'anya mtu chochote, na nilirudi nyumbani jioni nikalala vizuri.

Miaka ilipita, nikawa nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, nikahamishiwa Kisumu mjini. Huko kazi haikuwa tena kujenga barabara mpya, ilikuwa kupanua zilizopo. Nilijifunza neno hifadhi ya barabara. Ni ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, hata kama mtu amefungua kinyozi juu yake na baba yake alikuwa na kinyozi hapohapo. Upande wa Obunga tulisukuma vibanda vya mandazi, vya mkaa, vya kushona viatu. Msimamizi wa Mradi, mama mmoja mkali asiyepandisha sauti, aliniona nimenuna. "Nyapara, upana lazima utoke kwa mtu," aliniambia. Nilimchukia kwa neno lile. Sijapata la kulipinga mpaka leo.

Kisian nilifika nikiwa na mvi tele, nimebakisha kazi hiyo moja nistaafu. Juu yetu alikuwa Injinia Mkazi, yule anayekaa kwenye mradi mpaka uishe, kijana mpole aliyesalimia hata wapishi wa uji. Alitandaza ramani juu ya boneti la gari akatuonyesha mahali njia ya Bondo inapoachana na ya Busia. Hapo, alisema, barabara itakuwa pana kuliko mahali pengine popote tulipokuwa tumefanya kazi upande huu wa ziwa: njia za kwenda, njia za kurudi, njia za pembeni, na mitaro ya saruji. Alijivunia jambo moja zaidi, kwamba hakuna nyumba itakayoguswa, kwa sababu mstari ulipita nje ya uzio wa watu. Ilikuwa kweli. Nikafurahi, nikasema angalau nitamaliza kazi bila kulaaniwa na mtu.

Asubuhi greda lilipowashwa, mama mmoja mzee alitoka kwenye boma lake akaja kusimama mbele ya wembe. Wote walimwita Mama Anyango. Alikuwa mjane, na nilimjua kwa sababu alitugawia maji ya kunywa.

"Simamisha hii kitu," aliniambia. "Msichana yangu amelala hapa."

Mimi ni mtu wa Bunyore, si Mjaluo, kwa hiyo ilibidi nielezwe. Kwa desturi yao binti aliyekufa kabla ya kuolewa hazikwi ndani ya boma. Huzikwa nje ya uzio, pembeni, maana alitarajiwa kupata kwake kwingine. Anyango alikufa kwa homa akiwa bado msichana, akazikwa nje, na mama yake akapanda mkonge juu yake ili asipotee. Genge la kufyeka lilikuwa limepita juma lililotangulia na kung'oa kila kitu, vichaka na mikonge, ardhi ikabaki tupu kama meza. Watu wa fidia nao walipokuja waliuliza makaburi yaliyomo ndani ya boma. Wakaonyeshwa moja, la mume wake, ambalo barabara haikulifikia. Ya nje hakuna aliyeuliza. Nilisimama pale nikahesabu kichwani maboma yote tuliyokuwa tumepita tangu mjini, nje ya uzio, tukijisifu.

Shemeji yake, Mzee Opiyo, mkubwa wa ukoo, alikuja haraka akaomba radhi kwa niaba ya familia. Alisema barabara ya watu wote haiwezi kusimama kwa ajili ya kaburi la msichana. Damu ilinichemka, lakini ule ulikuwa ukoo wake, si wangu. Injinia alikuna kichwa, akasema tunaweza kuchimba kwa mkono tutafute mifupa ihamishwe, mpaka malori ya marramu yafike.

Niliwaita vibarua wakaacha mashine, wakashika sururu na majembe. Mama Anyango alionyesha mahali, kisha akasita, akaonyesha kando kidogo. Bila ule mkonge hakuwa na uhakika. Ardhi ya pale ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, na hautunzi kitu. Tulichimba mtaro, tukachimba mwingine. Kila jembe lilipogonga kitu alikuja ukingoni akainama. Mzizi. Jiwe. Kigae cha chungu. Akarudi kukaa chini, miguu ameinyoosha.

Malori yakafika, yakajipanga mstari huku injini zikinguruma. Injinia alikuja karibu yangu akaniambia kwa sauti ya chini tufukie. Nilimwendea Mama mwenyewe.

"Wewe ndiye umechimba," alisema. "Niambie ukweli. Hakuna kitu?"

"Hakuna, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akamtuma mjukuu alete tunda la mti wa yago. Wajaluo, mtu akizama ziwani asipatikane, huzika tunda hilo badala yake. Ni refu na zito, kama mkono wa mtu mzima. Lilipoletwa, Mama alilibeba kifuani kwa mikono miwili, na vibarua wangu, watu wa matusi asubuhi hadi jioni, wakavua kofia.

Mzee Opiyo akasema vema, lizikwe, lakini nje, kwa kuwa msichana ni msichana.

"Nionyeshe nje ni wapi," Mama alisema.

Mzee akatazama. Palikuwa na uzio, na hapohapo kwenye uzio palikuwa na pegi yangu nyekundu, na kuanzia pegi ile ilikuwa barabara.

"Nje imeisha, shemeji," Mama alisema. "Barabara imekula yote. Atalala ndani."

Alilizika karibu na mume wake, sisi tukafukia mitaro yetu, na alasiri hiyohiyo rola ikapita.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza nilijenga nini. Nawaambia waende Kisian. Wanarudi wakisifu upana ule, gari linavyoteleza, na mimi nanyamaza, maana sitaki kumharibia mtu safari. Nikipata nafasi hupita kumsalimu Mama Anyango. Mara ya mwisho tulikaa mlangoni tukinywa chai, na pale ndani ya boma nikaona amepalilia vizuri, hakuna hata jani. Nikamwambia, kwa kutaka kumfariji, kwamba angalau mtoto amerudi nyumbani.

"Ndani nimezika tunda," alisema. "Mtoto bado iko nje."

Lori la Uganda likapita kwa kasi. Vikombe vikatetemeka mezani, naye akakishika chake kwa mikono miwili mpaka likaisha kupita.