Nusu Saa Kutoka Unguja Hadi Pemba

Virginia Waithira, mwenye duka hapa Yamumbi, haogopi mtu. Cherehani yangu imekaa kwenye veranda yake tangu mwaka wa sabini na tisa, na nimemwona akimfukuza askari wa chifu kwa jiwe la mizani. Lakini msafiri wake akiwa njiani, hafagii. Mama yake alimfundisha hivyo, naye alipuuza mara moja tu. Mumewe, Gerishon, alitoka na lori la mahindi, yeye akafagia kabla lori halijafika Nakuru. Gerishon alirudishwa kwa sanduku.

Kwa hivyo Jumanne ile ya mwaka wa themanini na sita, sakafu ilijaa makapi ya maharagwe na vumbi la unga. Waceke, mtoto wake wa pekee, nesi wa chanjo, angepanda ndege kutoka Unguja hadi Pemba saa nne asubuhi. Alikuwa ameahidi kupiga simu dukani akishatua.

Mwalimu Kimeli wa jiografia alikuja kununua sigara. Shule zilikuwa zimefungwa, ila mdomo wake haukuwa na likizo. Alikimbia nyumbani kuleta atlasi, akaiweka juu ya kaunta, akapima kwa rula.

"Mama Waceke, hii ni kilomita mia moja na thelathini hivi. Kama hapa na Kisumu, na kidogo. Ndege inamaliza na nusu saa."

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Hesabu haidanganyi, Mama."

Ilipofika saa tano kasorobo alitangaza kwamba mtoto ameshatua, anatafuta simu tu. Virginia akatazama uchafu ule, akaona haya mbele ya wateja. Akafagia, akamwaga kwenye debe nyuma ya duka.

Simu haikulia.

Saa sita ikapita. Saa saba redio ikaanza na ziara ya Mtukufu Rais, kama kila siku. Tulingoja kusikia habari za ndege, huku tukiomba tusizisikie. Ikaja bei ya pareto. Virginia hakula, wala hakuachilia ufagio.

"Nimemfagia mtoto wangu," aliniambia.

Nilimchukia Mwalimu, ambaye alikuwa akipima tena na tena, na kila mara akipata nusu saa ile ile.

Saa tisa na dakika kumi simu ikalia. Virginia aliishika kwa mikono miwili. Sauti ya Waceke ilikuwa kubwa hata mimi nikasikia.

"Mum, bado niko Unguja! Mvua ilikuwa mingi, ndege ikakataa kutoka. Sasa ndio tunapanda."

Laini ikakatika. Mwalimu akachukua rula yake kwa furaha. "Basi, nusu saa kutoka sasa..."

"Toa hiyo kitu kwa kaunta yangu!"

Virginia akaenda nyuma, akarudi na debe. Akalipindua katikati ya duka, akatawanya makapi kwa mguu mpaka kwenye pembe zote.

"Sasa aruke," alisema, akaketi juu ya gunia.

Saa kumi na robo Waceke alipiga simu kutoka Pemba. Sote tulilia, na wa kwanza kukimbilia ufagio alikuwa Mwalimu Kimeli. Virginia akamnyang'anya.

"Ngoja kwanza afike kwa nyumba."