Kopo la Makaa Kando ya Zizi

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka bado masikio yanapata moto kwa aibu, na nataka uijue kabla hujashika kiberiti. Najua ni ajabu kukuita mwanangu. Mimi mwenyewe niko kidato cha tatu, na wewe hujazaliwa. Lakini Ayeeyo, mama mzaa mama yangu, aliniambia, "Kama huwezi kusema kwa mdomo, andika. Watoto wako watasoma." Basi nakuandikia, kwa sababu kusema kwa mdomo ndiyo shida yangu tangu zamani.

Ayeeyo alikuwa amekuja kukaa nasi hapa mtaa wa Waberi kutoka Hulugho, kwa wafugaji wa kuhamahama. Alikuja na mbuzi mmoja mwenye vitoto viwili, na dhiil yake, kile chombo cha kusuka cha kuwekea maziwa. Siku ya pili tu alishajenga zizi nyuma ya nyumba kwa matawi ya miiba, kama vile bado yuko kule kwao. Maziwa yasiyo na harufu ya moshi hanywi. Kwa hiyo kila siku alinifundisha kufukiza dhiil: unachoma kijiti, unatia makaa ndani, unafunika, unatikisa, unayamwaga. Anayahesabu, wallahi. Yakiingia matano, matano lazima yatoke, na kila moja linazamishwa kwenye maji mpaka linyamaze.

Mimi naogopa watu lakini siogopi maswali, mradi niulize mtu mmoja tu na tuwe peke yetu. Nikamuuliza, "Ayeeyo, mlipokuwa mkihama, moto mlibebaje? Kiberiti mlikuwa nacho?"

Akacheka. "Kiberiti gani? Tulizika kaa kwenye majivu na mavi makavu ya ngamia, ndani ya chungu. Tukifika jioni, tunapuliza, linaamka."

"Linakaa saa ngapi?"

"Sijui saa. Mpaka tufike."

Jibu hilo lilinisumbua. Mpaka tufike ni saa ngapi? Darasani tulishasoma kwamba moto hauwezi kuishi bila hewa. Sasa chini ya majivu hewa inatoka wapi? Kesho yake, ilikuwa likizo, baada ya swala ya adhuhuri nilifukiza dhiil na makaa matano. Nikazamisha manne. La tano nikalizika kwenye kopo la maziwa ya unga, majivu chini, majivu juu. Chungu sikuwa nacho. Nikalitua pembeni ya zizi, kwenye ua wa miiba, ili upepo usilifikie. Pale chini kulikuwa na mavi makavu ya mbuzi, na nikaona hiyo ni bahati nzuri, maana Ayeeyo alisema mavi yanatunza moto.

Sikuangalia chini ya kopo. Lilikuwa limeshika kutu, na kutu ilikuwa imetoboa.

Baada ya alasiri nikatoka na daftari langu kuandika jibu. Nikaona uzi wa moshi unatoka chini ya miiba, mbali kidogo na kopo. Moto ulikuwa umepita chini ya mavi, polepole, bila kuonekana. Mbuzi na vitoto vyake walikuwa ndani ya zizi.

Hapa sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Sikupiga kelele. Nilichukua birika ya kutawadhia. Nikaijaza bombani, nikaenda, nikamwaga. Nikarudi, nikajaza, nikaenda tena. Kimya kimya, kwenye ncha za vidole, kama mtu anayeiba sukari. Nilitaka uzime kabla mtu hajajua. Safari ya tatu upepo ulikuja na miiba ikashika yote kwa mara moja, kwa sauti kama ya karatasi inayochanwa.

Aliyeona ni Mama Kioko, jirani yetu, ambaye anapika chapati za kuuza uani kwake, upande wa pili wa uzio wa mabati.

"Woi! Moto! Moto kwa Ayeeyo!" Beseni zima la maji ya kuoshea vyombo likaruka juu ya mabati, na kijiko ndani yake.

Ayeeyo hakutafuta maji. Alitoka na hangool, ile fimbo ya ndoano ya kuvutia miiba, akaanza kuuvunja ua upande ambao haujashika. Akavuta tawi, akalitupa mbali, akavuta lingine, mpaka moto ukakosa pa kwenda na mlango ukapatikana. Mbuzi na kitoto kimoja wakatoka mbio. Kile kidogo akakivuta kwa mguu. Sikio moja la kitoto hicho lilikuwa limeungua nusu.

Mama Kioko alikuja na ndoo mbili za mchanga tukamalizia. Na unajua shukrani aliyopata ilikuwa nini? Ayeeyo, na Kiswahili chake cha sokoni, alimgeukia hivi:

"Wewe mama, jiko yako hii! Cheche yake mimi naona kila siku!"

"Ayeeyo, jiko langu lina sufuria juu tangu saa nane. Cheche gani?"

"Cheche hapana miguu? Upepo ndio miguu yake!"

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nimekumbatia birika. Nilifungua mdomo, nao ukajifunga wenyewe.

Asubuhi yake mzee wa mtaa akaja. Aliangalia majivu, akauliza kidogo, halafu akamwambia Mama Kioko asiwashe jiko pale uani mpaka ijulikane moto ulitoka wapi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Mama Kioko hakugomba. Alisema tu, "Unga umeshakandwa, Mzee. Sasa niupeleke wapi?"

Kilichonitoa nyuma ya pazia ni ule unga, mwanangu. Nilimwona amefunika beseni kwa kitambaa, kwa uangalifu, kama mtoto aliyelala. Nikachukua lile kopo lililotoboka, nikatoka.

"Ni mimi."

"Nani ameongea?" akauliza mzee wa mtaa, maana sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Mimi. Nilizika kaa. Nilitaka kujua linaishi saa ngapi."

Mama Kioko akalitazama kopo, akauliza, "Na liliishi saa ngapi?"

"Toka adhuhuri hadi alasiri. Na bado lilikuwa zima."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Mzee wa mtaa pia alicheka, halafu akanikalisha chini, na kwa kuwa maswali nilikuwa nayo, nikauliza yote. Akaniambia moto wa nje hauwashwi wakati wa upepo, na alasiri hapa kwetu upepo hauna adabu. Ukae mbali na ua, miti na ukuta wa jirani, na ardhi inayouzunguka ifagiliwe. Maji na mchanga viwe pale kabla ya kiberiti, si baada. Plastiki na takataka za nyumba hazichomwi uani kabisa, moshi wake unaingia kwenye kifua cha mtoto wa mwenzako. Ukitaka kuwasha moto mkubwa, pitia kwake kwanza, na yeye ataulizia kaunti; wewe, mwanangu, uliza wa kwenu, kwa sababu sheria za huku huenda si za kule utakakoishi wewe.

Ayeeyo alingoja mzee aondoke. Kwanza alivuka kwenda kwa Mama Kioko na dhiil imejaa maziwa. Nilimsikia akisema, "Mimi nimekosea wewe. Samehe." Aliporudi alinikalisha karibu, kile kitoto cha sikio bovu mapajani mwake.

"Kuuliza hakunikasirishi," alisema. "Moto pia haunikasirishi, moto ni moto. Ile birika ndiyo inanikasirisha."

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kaa lililofunikwa ni kaa linalosubiri, kwa hiyo mwagia maji, koroga, mwagia tena, na ukiondoka mkono wako usisikie joto hata kidogo juu yake. Usiuache moto peke yake, hata uwe mdogo kiasi gani. Na ukikushinda, piga kelele. Utaaibika, ndiyo. Mimi niliaibika, na leo nakula chapati za Mama Kioko kila asubuhi, akinipa ananiuliza, "Daktari wa makaa, habari ya utafiti?"

Mungu akupe moto wa kupikia chai tu, na majirani wenye mchanga karibu. Na akupe sauti ya kuwaita, kubwa kuliko yangu.