Siku Kaka Alipozima Mashine

Ukimwulizia dada huyu fundi mtaani kwao, watakujibu, "Yule anayeipima ardhi homa?" Jina hilo alibandikwa na kaka yake, mwenye mashine ya kusaga nafaka, naye hachukii. Kazi yake huifanya kwa vipokea mitetemo, vidude vya ukubwa wa bilauri vyenye msumari chini. Huvichomeka ardhini kwa mstari, akaviunganisha kwa waya na kompyuta, akangoja. Magari yakipita, watu wakikanyaga, ardhi hutetemeka. Penye udongo mlegevu mtetemo hujikokota. Penye mwamba hukimbia.

Jumamosi hiyo alikuwa roho juu. Kaka alikuwa amenunua mashine mpya, nzito maradufu, ya kufungwa Jumatatu uani, pale pale wifi anapopepetea nafaka kila siku. Jirani mmoja alisema zamani palikuwa na shimo. Kaka alijitia hamnazo.

Fundi alipofika kupapima, alipigwa na butwaa. Mashine imezimwa, wateja wamevua viatu, wenye pikipiki wanazisukuma kwa mikono. Kaka amesimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Nimewanyamazisha wote, mdogo wangu," akanong'ona. "Sikiliza kwa raha zako."

Fundi alipima nusu saa. Mitetemo ya malori ya barabara kuu ilifika, ikamweleza habari za chini kabisa. Za juujuu, alizozitaka, hazikuonekana, maana hizo huletwa na vishindo vya karibu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, umeniharibia kazi! Mimi nazitaka hizo kelele. Washa mashine, watu wavae viatu, watembee!"

"Kumbe miaka yote hii majirani wananisema bure kwa kelele!"

Hakungoja jibu. Mashine ikanguruma, pikipiki zikawaka, wateja wakatembea huku na huku kama wamelipwa. Saa moja baadaye mchoro ulikuwa tayari.

"Hapa pamelegea vibaya," fundi alisema, akigusa ardhi kwa kidole cha mguu. "Usifunge kitu."

"Kompyuta nayo hukosea."

Kaka akachukua mtaimbo, akapiga. Mara ya tatu ukamponyoka, ukazama wote. Walisikia ukigonga chini, mbali sana.

Mashine hakuikumbuka tena. Alimgeukia mkewe, aliyekuwa na ungo mkononi na mtoto mgongoni, hatua tatu kutoka kwenye tundu. Akamshika mkono taratibu, akamtoa hadi barazani. Machozi yalimlenga, wala hakuyaficha.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. Kisha, baada ya kupenga kamasi, "Na pagumu ni wapi?"

Fundi alinyoosha kidole kwenye dirisha la sebule. Mstari wake ulianzia ukutani, na mwamba ulikuwa huko, chini ya sebule yenye makochi mapya.

Wifi alimkabidhi fundi mtoto, akakunja mikono ya gauni. "Mume wangu, kamata upande ule. Tuanze na hilo kochi kubwa."