Mpaka Mume Atie Sahihi

Juzi nilikuwa bomani hapa Arusha nikisubiri leseni ya baiskeli. Akaingia mama wa Kimeru na daftari la hadithi, analeta kwenye mashindano ya uandishi.

"Nani kakuandikia?" karani akamuuliza.

"Nimeandika mwenyewe."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, mwandishi ni mwanamume. Kamlete mumeo atie sahihi."

Mume alikuwa nje, analinda mkungu wao wa ndizi. Kuandika hajui, kwa hiyo karani akamchovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza juu ya jalada.

"Hongera, mzee! Una kipaji."

Hapo fasihi yetu ikapona. Mwandishi akajifuta wino kwenye koti, akamnong'oneza mkewe: "Hebu nisomee. Nimeandika nini?"