Badria na Kesi ya Lango

Kitu cha kwanza ambacho watu walikiona kwa Badria hakikuwa uso wake, ingawa uso alijaliwa, bali ubavu wa kiganja chake cha kulia. Kuanzia kidole cha mwisho hadi kifundo cha mkono palikuwa na baka la wino wa buluu ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Hata arusini, wanawake walipoonyeshana hina, mikono yake ilikuwa imechorwa maua mazuri mpaka viwikoni, na pembeni, kama mgeni asiyealikwa, lilikaa baka lile.

"Mwanangu, na hii ni hina ya wapi?" mama mmoja alimuuliza.

"Hii ni ya nyanya," Badria akajibu, na waliokuwa karibu wakacheka, kwa kuwa kufikia mwaka huo wa 1997 mtaa mzima wa Kibokoni, Mombasa, uliijua habari yake.

Wino ule ulitokana na kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mwenye kuandika herufi za Kiarabu kwa mkono wa kulia asipojihadhari, kiganja chake hupita juu ya maneno ambayo hayajakauka. Badria hakuwa na nafasi ya kujihadhari. Alikuwa akinakili kitabu, tena si kimoja.

Alizaliwa papo hapo Kibokoni. Mamake alifariki yeye akiwa bado hajaota meno, akalelewa na nyanyake, Bi Mejumaa. Bi Mejumaa alikuwa amesoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, katika zama ambazo mtoto wa kike hakupelekwa skuli. Kiswahili alikisoma na kukiandika kwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo alikuwa msomaji mkubwa: tenzi, barua za ndugu, hata kipimo cha siki katika achari ya maembe. Herufi za Kizungu kwake zilikuwa kama nyayo za kuku mchangani. Alimfundisha Badria herufi zake kabla mtoto hajakwenda skuli, akimshika kidole na kukiongoza juu ya ubao. Skuli ikaja ikaongeza zile nyingine. Ndiyo sababu Badria, aliyekuwa sasa karani wa uwakala mmoja wa forodha, aliweza kupita katika milango yote miwili bila kubisha hodi.

Ofisini alikaa meza moja na Kadzo, msichana wa Kaloleni aliyepanga chumba Makupa, mwimbaji wa kwaya na mcheshi asiye na breki. Kadzo ndiye aliyemtia Badria katika msururu wa vitabu ulioitwa *Taji la Chumvi*. Ilikuwa hadithi ndefu ya kubuni yenye majini, miji iliyozama na funguo zinazonena, na miaka hiyo Mombasa iliisoma kama ilivyokula mahamri. Nakala moja ilipita mikono mingi mpaka jalada likawa laini kama kitambaa.

Shujaa wake ni Zamda, yatima aliyeokotwa ufukweni na jini wa kike aitwaye Rehani. Rehani anamlea, anamfunza, na Zamda anakuwa mlinzi wa mji wa chini ya bahari. Kisha, mwishoni mwa kitabu cha nne, maji meusi yanaujia mji. Zamda anafunga lango. Mji unaokoka. Rehani amebaki nje.

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Wa upande mmoja waliitwa Walango, nao walisema Zamda alitenda haki. Wa upande wa pili waliitwa Warehani, na hao walisema mtoto aliyemfungia mlezi wake nje hafai kuvaa taji hata la maganda ya nazi. Liwatoni, mafundi wawili wa mashua walioazimana msumeno miaka yote waliacha kuazimana. Walikuwapo pia waliosema hadithi yote iliharibika tangu kitabu cha tatu, na mwenye duka mmoja aliyeshikilia kwamba mtu mzima hana haja na habari za majini. Lakini huyo naye alionekana akisoma nyuma ya magunia ya mchele.

Badria alikuwa Mlango wa kutoka moyoni. Kadzo alikuwa Mrehani. Kila Jumamosi Kadzo alipokuja Kibokoni kunywa kahawa, mabishano yalianza kabla viatu havijavuliwa.

"Shikamoo, nyanya," Kadzo alimwamkia Bi Mejumaa. "Nimekuja kukuokoa. Unaishi na mtu atakayekufungia mlango siku ya mvua."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unieleze alivyofanya huyo Zamda."

Kadzo akaeleza, na katika maelezo yake Zamda alikuwa na moyo wa jiwe. Baadaye akaingia Yazid, mtoto wa amu yake Badria na mpiga kelele mkuu wa Walango, akaeleza upya, na safari hii Zamda alifunga lango huku machozi yakimtoka kama bomba lililopasuka. Bi Mejumaa aliwasikiliza wote wawili, akaweka kikombe chini.

"Mwanambia kitabu ni kimoja," alisema, "nami nasikia vitabu viwili."

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Wakati huo chama cha wasomaji kilikuwa kikiandaa mjadala mkubwa juu ya kesi ya lango, katika ukumbi wa skuli moja karibu na Makadara, na Badria alikuwa ameteuliwa kuwa msemaji wa kwanza wa Walango. Mwenyekiti wa chama, Bwana Joab, mkutubi mstaafu, alikuwa na sharti moja: hakuna kutoa maoni mpaka kwanza usome kwa sauti ukurasa unaouegemea. "Hapa hatupokei *nimesikia*," alizoea kusema.

"Njoo nawe ukumbini, nyanya," Kadzo alimkaribisha.

"Nije niseme nini, nami sina ukurasa?" Bi Mejumaa akajibu. Akamgeukia mjukuu wake. "Badria."

"Labeka, nyanya."

"Niandikie. Nataka nihukumu mwenyewe."

Badria alivitazama vile vitabu vinne, vinene kama matofali. Angeweza kusema ana kazi, na kazi alikuwa nayo kweli. Alisema, "Inshallah," na kesho yake akanunua karatasi na chupa ya wino.

Alianza na kitabu cha kwanza, kwa sababu Bi Mejumaa alikataa katakata kuingilia hadithi dirishani. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi karibu na dirisha akanakili mpaka mwanga ulipomkimbia. Bi Mejumaa alipokea majani ya karatasi yakiwa bado yananuka wino, akayasoma kwa mahadhi ya utenzi, akijitikisa kidogo, huku wanawake wenzake wa rika lake wakisikiliza na kushona. Nathari haikumtii. "Huyu mwandishi hana mizani," alinung'unika. "Yuwaenda kama punda aliyekatika kamba." Lakini hakuliweka jani chini. Wale wenzake nao wakaanza kuyaazima, wakayapeleka majumbani kwao, na ndani ya miezi michache vyumba vya ndani vya Kibokoni, vilivyokuwa vikipata hadithi hii kwa makombo ya wake wa wana wao, vikawa na Walango na Warehani wao wenyewe.

Hatimaye Badria akafika langoni.

Ukurasa wenyewe ulikuwa mfupi. Zamda ameshika ufunguo. Nje, Rehani anamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua: *Kitone! Kitone changu!* Zamda anasikia. Hajibu. Anazungusha ufunguo. Hapana machozi ya Yazid wala moyo wa jiwe wa Kadzo. Ni hivyo tu.

Yazid alikuwa amesimama nyuma yake akisoma juu ya bega.

"Dada," alisema taratibu, "jani hili liruke."

"Nini?"

"Liruke. Kafunga lango, mji ukaokoka, yatosha. Hayo ya kuitwa ya nini? Mjadala ni wiki ijayo, na wewe ndiwe ulimi wetu. Nyanya akisoma haya, Warehani wamepata shahidi ambaye hakuna atakayethubutu kumjibu."

"Huo ni wizi, Yazid."

"Si wizi. Ni kufupisha."

"Basi nenda kafupishe kanzu yako, inafagia barabara."

Yazid akaenda zake akicheka, lakini maneno yake yalibaki chumbani. Badria alikaa na kalamu mkononi, na wino ukamkaukia kwenye ncha. Aliutaka ushindi ule. Alikuwa ameiandaa hotuba yake kwa miezi, na alijua kwamba Yazid amesema kweli: jani hili moja lingeweza kuiangusha. Tena nani angejua? Nyanyake hawezi kufungua kitabu cha chapa akalinganisha. Macho pekee aliyokuwa nayo Bi Mejumaa katika hadithi hii yalikuwa mkono wa Badria.

Na hilo ndilo lililomwamulia. Alikitazama kidole chake cha shahada, kile kile kilichoshikwa na kuongozwa ubaoni alipokuwa mtoto. Akachovya kalamu, akaandika ukurasa ule wote, kwa herufi kubwa kuliko majani mengine.

Bi Mejumaa aliusoma peke yake, mara hii bila mahadhi. Badria aliyekuwa akichagua mchele alijitia hamsikilizi.

"Waonaje, nyanya?"

"Hukumu haitolewi jikoni," Bi Mejumaa akasema, akayakunja majani ndani ya leso.

Siku ya mjadala ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Badria alisoma ukurasa wa maji meusi yakiingia nyumba za chini, watoto wakiwa juu ya mapaa, kisha akasema kwa sauti iliyofika nyuma: "Zamda hakukabidhiwa mtu mmoja. Alikabidhiwa mji!" Walango wakapiga meza.

Kadzo akasimama. "Mji hujengwa tena. Mama hajengwi," alisema, na kelele za Warehani zilipotulia akaongeza, "Nanyi Walango mnaoshangilia, tahadharini leo usiku wake zenu wasiwafungie nje!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Katikati ya kicheko hicho mkono mmoja uliinuka safu ya pili, kutoka ndani ya buibui.

"Karibu, mama," Bwana Joab alisema kwa heshima. "Sharti letu unalijua?"

"Nalijua," Bi Mejumaa akajibu, akafungua fundo la leso yake.

Alisoma kwa mahadhi yake, akijitikisa. Wengi wa vijana waliokuwapo hawakuwahi kusikia kitabu wanachokijua kikisomwa kutoka upande wa pili wa karatasi. Kadzo alifungua nakala yake akamfuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Bi Mejumaa alipofika *Kitone changu*, sauti ilimpungua kidogo, kisha akamaliza.

Kadzo aliinua kitabu. "Neno kwa neno, Mwenyekiti. Hakuna lililodondoka."

Badria alihisi kifua kikimjaa hata akashindwa kukaa sawa kitini.

"Mimi simlaumu kwa lango," Bi Mejumaa alisema. "Maji yakija, lango hufungwa. Hata mimi ningelifunga. Lakini ameitwa. Kaitwa na aliyemlea, kwa jina la kulelewa, naye kasikia. Mtoto akiitwa hujibu nini?"

"Labeka," ukumbi ukajibu, Waislamu kwa Wakristo, kama darasa.

"Labeka haizuii mkono kuzungusha ufunguo. Yule mama angekutana na maji yale akijua kwamba amesikiwa. Zamda alikuwa na mlango mmoja wa kufunga, akafunga miwili." Alianza kuyakunja majani yake. "Basi, Mwenyekiti, mjukuu wangu kasema vizuri sana, nami sikubaliani naye."

Zilipopigwa kura za mikono, Walango wengi waliinua mikono upande usio wao, na Badria akashindwa. Yazid alijishika kichwa. "Dada, si nilikwambia?"

"Uliniambia," Badria alisema, akitabasamu kama bibi arusi. Alikuwa ameshindwa kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuukumbuka ushindi wowote uliowahi kumpa fahari kama ile.

Wakirudi nyumbani kwa miguu, nyanya na mjukuu, Bi Mejumaa aliita, ingawa walikuwa bega kwa bega.

"Badria."

"Labeka, nyanya."

"Jani lile lina herufi kubwa kuliko mengine."

"Naam."

"Kwa nini?"

"Nilitaka usilipite."

Bi Mejumaa alimshika mkono, upande wenye wino, wakaenda hivyo mpaka mlangoni.

Kesi, hata hivyo, haijaisha. Walango waliosalia wanasema labda Zamda alijibu moyoni. Warehani wanasema labeka ya moyoni haisikiki ng'ambo ya lango. Bi Mejumaa ana hakika kwamba Rehani yu hai na ataita tena. Jawabu limo katika kitabu cha tano, cha mwisho, na mwenye duka la vitabu amethibitisha kwamba sanduku limekwisha kupakiwa Nairobi, linakuja na treni itakayoingia kesho, Jumamosi, asubuhi. Kadzo ataipokea nakala yao stesheni, na ameahidi mbele ya Bi Mejumaa kwamba hatalifungua hata jani moja njiani. Badria naye hatasoma mbele. Safari hii atasoma na kunakili sentensi kwa sentensi, nyanyake akiwa amekaa ubavuni, ili habari iwafikie wote wawili pamoja.

Mkeka umetandikwa. Karatasi zimekatwa. Chupa ya wino imejazwa mpaka shingoni, na miwani ya Bi Mejumaa imefutwa mara nyingi kuliko inavyohitaji.

"Badria!" sauti inaita kutoka juu. "Imefika?"

"Labeka, nyanya! Bado. Leo ni Ijumaa."