Njaa Iliyomkimbia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Ibanda alikuwa mtu wa kumaliza bugali na kuulizia ukoko. Baada ya miezi michache akawa anameza matonge mawili, anasema ameshiba, anasukuma sahani. Nikabadilisha mboga: sombe ya majani ya muhogo, lengalenga, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Matonge mawili, ameshiba. Mashavu yakaingia ndani, nami niliyempikia nikaanza kutazamwa.

Huku kwetu mzee akikonda mikononi mwa mkwe, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza nani anapika. Tuna karuho, sumu ya polepole ambayo hakuna aliyeiona, ila kila mtu anamjua aliyeuawa nayo. Wifi yangu wa Cimpunda hakutamka neno hilo mbele yangu. Alianza tu kuja kila Jumapili baada ya misa na sufuria yake iliyofungwa kwa kitambaa, akajifungia na mama chumbani. Akitoka, sufuria tupu, ananiambia kwa upole kwamba leo mama amekula vizuri. Upole ule uliniuma kuliko tusi. Nikawa naonja kila sahani mbele ya mama kabla ya kumpa, kama desturi inavyotaka. Mume wangu aliniambia subira huvuta heri. Ni kweli, lakini si yeye aliyenong'onwa sokoni kuwa mlozi.

Miguu ya mama ilipovimba ndipo tulipokwenda hospitali, sisi wanne. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba figo zimechoka, na si jana wala juzi. Presha ilikuwa imezila kimyakimya kwa miaka. Daktari, mwanamke mtulivu wa rika langu, alitueleza kwamba mwilini kuna homoni zinazoamsha njaa, na nyingine zinazouambia ubongo kwamba inatosha. Figo nzima huzipunguza hizi za shibe. Figo zikichoka, homoni hizo hurundikana kwenye damu pamoja na uchafu mwingine, na mtu anajisikia ameshiba huku mwili unakonda kwa njaa. Kisha akauliza kama kuna chakula cha mtu yeyote ambacho mama anakimaliza.

Nilimgeukia wifi. Aliangalia sakafu, halafu akakiri kwamba hata chakula chake mama hakukigusa. Alikuwa anakila yeye mwenyewe mle chumbani, maana aliona aibu kupita mbele yangu na sufuria iliyojaa. Miezi minne, kila Jumapili amekula mara mbili! Nilitaka kumkasirikia, lakini kicheko kilinitoka mle mle ndani, na mabega yangu yakashuka kwa mara ya kwanza tangu masika.

"Haiko karuho, maman," daktari alimwambia mama. "Figo njo zimechoka. Utakunywa dawa, na utakula kidogo-kidogo, mara mingi."

Hakutuahidi kwamba figo zitarudi kama zamani. Alisema tutalinda nguvu zilizobaki, tupunguze chumvi, sombe na maharagwe tuvipime, na chakula kikubwa kiwe cha asubuhi, saa ambayo tumbo la mama bado linakubali. Mimi hayo yote niliyapokea kama habari njema.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mama alimaliza nusu sahani ya wali na yai, akaomba kijiko kingine. Wifi alikuwa jikoni kwangu anakatakata vitunguu. Nilikaa karibu na mama, nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni: kama hakunishuku, kwa nini hakumwambia binti yake?

"Nilikuwa namuambiaka kila siku ya Mungu," akasema. "Anajibu eti karuho imeshaharibu akili yangu."

Akafuta midomo, akashusha sauti.

"Yale matonge mbili, mutoto yangu, nilikuwa nameza kwa nguvu. Nilikuwa naogopa nikikufa watakuachia ile jina ya mulozi."