Mfalme Ana Homa Kidogo

Nyumbani kwa Bimdogo, mjini Ibra, habari ya kifo ilikuwa na taratibu zake. Kwanza televisheni ilizimwa. Kisha Bimdogo akaulizwa kama ameshakunywa dawa yake ya presha. Halafu finjani ya kahawa ikaondolewa mkononi mwake pole pole, isije ikamwagika, na hapo ndipo alipoambiwa kuwa fulani ana homa kidogo. Adhuhuri fulani huyo alikuwa amezidiwa. Alasiri yuko hospitali, madaktari wanajitahidi. Mpaka kufika kuambiwa kuwa ndiyo hivyo tena, amri ya Mungu, Bimdogo alikuwa ameshalia, ameshanawa uso, na anauliza buibui lake jeusi limewekwa wapi.

Msimamizi wa taratibu hizo alikuwa binti yake, Shukriya, karani wa skuli moja ya wasichana, mwanamke wa miaka arubaini na sita. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, akabaki yeye na mama yake. Jioni alikuwa akisoma shahada ya Kiingereza katika chuo kimoja hapo hapo mjini, maana alitaka kutoka kwenye meza ya ukarani aingie darasani kufundisha. Alianza masomo hayo mkubwa, akayapita yote isipokuwa moja tu: historia ya michezo ya kuigiza ya Waingereza, sehemu ya tanzia, ile michezo inayoanza na mfalme kwenye kiti na kuishia na maiti sakafuni.

Muhula uliopita alianguka. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kusema mbele ya waalimu. Shukriya alitaja majina ya michezo na miaka yake bila ya kukosea hata mmoja, na Daktari Osama, mwalimu mpole mwenye sauti ndogo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Yote sawa. Lakini nini kilibadilika, na kwa nini?" Shukriya akatazama vidole vyake.

Sheria ya chuo ilikuwa kwamba anayeanguka somo moja mara mbili hutolewa. Akianguka tena, jioni zake zote za miaka mitano zilikuwa zimekwenda na maji.

Safari hii akaamua kujifunza kwa kusimulia kwa sauti, na wa kumsikiliza alikuwa Bimdogo peke yake. Nduguye Azzan, anayekaa mji wa Sur, aliposikia alipiga simu kwa hasira.

"We dada, una akili? Unamsimulia mama habari za kuuana? Na presha yake ile?"

"Nimepunguza."

"Umepunguza vipi?"

"Hakuna anayekufa."

Na kweli, hakufa mtu. Kila baada ya sala ya alasiri Bimdogo alikaa na ungo wake akichagua mchele, na Shukriya alimsimulia mchezo mmoja wa zamani, wa mfalme aliyekuwa na waziri mbaya.

"Enhe," alisema Bimdogo, "na mfalme, baada ya karamu?"

"Ana homa kidogo, mama."

"Na yule nduguye aliyekuja kumtetea?"

"Naye ana homa."

"Na bibi harusi?"

"Naye hajambo hajambo tu. Yumo kitandani."

Bimdogo akaacha mchele. "Nyumba nzima! Ni nini, surua?"

Shukriya akacheka, akataka kuendelea, lakini mama yake alikuwa ameweka ungo chini.

"Shukriya, mwanangu. Huyo mfalme kafa."

Shukriya akaokota punje ya mchele iliyoanguka.

"Kafa, na nduguye kafa, na huyo msichana kafa. Mie si mtoto. Khalaf pia mlimpa homa."

Khalaf alikuwa kaka yake Bimdogo, aliyefariki miaka michache nyuma nyumbani kwake Aija, ng'ambo ya maji pale Sur. Asubuhi ile Shukriya alizima televisheni, akaulizia dawa, akasema mjomba ana homa. Wakapanda gari wakenda. Njia nzima homa ya mjomba ikawa inapanda.

"Nilipovuka daraja kuingia Aija," alisema Bimdogo, "niliwaona wanaume wanarudi makaburini, wanakung'uta mchanga kwenye viatu. Nikajua. Uso wake sikuuona. Wengine wote mle ndani walimwona, wakalia, wakamaliza. Mie mpaka leo, nikimkumbuka Khalaf, ana homa tu. Hajapona wala hajafa."

Alisema hivyo bila ya kununa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akavuta ungo wake.

"Mlinionea huruma, najua. Mungu atakulipeni. Sasa nambie vizuri. Mfalme kafaje?"

"Kwa sumu."

"Nani kamtilia?"

"Waziri."

"Nilimjua toka mwanzo, mwanaizaya yule! Mtu gani anacheka kila neno? Haya, tena?"

Basi Shukriya akamsimulia kama ilivyo, na damu zake zote. Bimdogo aliwalaani wabaya mmoja mmoja, akawaombea rehema waliodhulumiwa ingawa aliambiwa hawakuwa Waislamu wala hawakuwa watu wa kweli. Alipopimwa presha jioni ile, ilikuwa pale pale.

Siku ya mtihani Shukriya aliingia chumbani. Daktari Osama alikuwa amekaa na mwalimu mwengine, Bi Dalal, kila mmoja na kalamu yake. Shukriya akaanza vizuri. Lakini alipofika kwenye ile karamu, akawaona wale wawili wakimtazama, ulimi ukafuata njia uliyoizoea.

"Hapo," alisema kwa Kiingereza chake kizuri, "mfalme akawa na homa kidogo."

Daktari Osama akainua kichwa. "Homa? Kanywa sumu ya kuangusha ngamia, ana homa?"

Bi Dalal akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Shukriya alihisi uso unamwaka. Aliuona mlango wa chuo, akajiona anatoka hapo kwa mara ya mwisho. Akashika ukingo wa meza.

"Nisameheni," akasema. "Nyumbani kwetu ndivyo tunavyopeleka habari ya kifo. Hatuisemi mara moja." Hapo hapo akaona kuwa alikuwa ameshaanza kujibu. "Na hivyo ndivyo zilivyoanza tanzia za Waingereza. Walioandika zile za mwanzo walikuwa watu wa skuli na wanafunzi wa sheria, wakifuata mfano wa Warumi wa kale. Anayeuawa huuliwa nyuma ya pazia. Kisha huingia mjumbe. Hasemi mara moja. Analia kwanza, anazunguka, anawatayarisha watu nyoyo zao."

Daktari Osama aliweka kalamu chini.

"Halafu yakajengwa majumba ya michezo ya mbao, nje ya mji wa London, na mwenye senti yake akaingia, akasimama uwanjani. Watu wale hawakutaka kuletewa habari. Walitaka kuona. Ndipo waigizaji wakaficha vibofu vya damu ya mnyama ndani ya nguo, wakachomana visu mbele ya macho ya watu. Anayeambiwa tu, kwake maiti hafi sawasawa. Wale walitaka afe wamwone, walie, wamalize."

Sasa maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Alieleza jinsi watu walivyokwisha kuuona mkono unaoua, wakataka na moyo ulioutuma, ndipo mwuaji akasimamishwa peke yake jukwaani kusema na nafsi yake. Alieleza jinsi baadaye maiti alivyotoka jumba la mfalme akaingia nyumba za watu wa kawaida, mume na mke na mpangaji wao. Mjumbe, alisema, hakufukuzwa. Kazi yake tu ilipungua.

"Na kilichopotea?" aliuliza Daktari Osama. "Mjumbe alipopunguziwa kazi, nini kilipotea?"

Shukriya alifikiri. "Huruma yake," akasema. "Mjumbe anamwonea huruma anayemsikiliza. Kwenye jukwaa la damu hakuna wa kukuondolea finjani mkononi."

Hawakuelewa habari ya finjani, ikabidi awaeleze, na Bi Dalal safari hii alicheka waziwazi. Wakamtoa nje angoje. Hakungoja sana. Mlango ukafunguliwa, Daktari Osama akatoa kichwa.

"Umefaulu, mwalimu Shukriya. Nenda nyumbani."

Alikaa ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani. Alihisi kama mtu aliyetua gunia la mchele alilosahau kuwa amelibeba. Kisha akaondoka.

Bimdogo alikuwa sebuleni, kahawa mkononi, anatazama tamthilia yake ya Kituruki. Shukriya aliingia kwa kasi, na papo hapo akaogopa kuwa hata furaha inaweza kupandisha presha. Akazima televisheni. "Shikamoo mama. Umekunywa dawa?" Akanyoosha mkono, akaichukua finjani.

Bimdogo akageuka rangi. "Nani? Azzan?"

"Hapana mama..."

"Nani ana homa?"

"Hakuna mwenye homa! Nimefaulu! Nimefaulu, mama!"

Bimdogo alimtazama, mdomo wazi, mkono kifuani. Kisha akamtandika kwa kanga yake ya begani.

"Shetani mkubwa we! Ulitaka kuniua! Rudisha kahawa yangu. Na washa hiyo tivii." Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. "Hebu sema tena. Sema mara moja, bila ya kunizungusha."

"Nimefaulu, mama."

"Alhamdulillahi." Akambusu paji la uso, akajipangusa macho, akadai simu ampigie Azzan. Shukriya akampa. Simu ikaita Sur, ikapokelewa. Bimdogo akamkonyeza bintiye, akashusha sauti, akaipa huzuni yote aliyoweza kuipata.

"Azzan, baba," alisema. "Uko wapi? Kaa kitako kwanza."